Steringi Hafi, Kristo Alikufa

Kila aliyekulia mjini katika miaka ya themanini na tisini anaijua kanuni ya banda la video: steringi hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, afungiwe ndani ya gari linalowaka moto, sisi tuliobanana kwenye mabenchi hatukuwa na wasiwasi, kwa maana mkanda ulikuwa haujaisha. Sina ugomvi na kanuni hiyo. Ni kanuni nzuri ya kumburudisha mtu aliyechoka. Ugomvi wangu ni na wale walioitoa bandani, wakaivika kanzu na stola, wakaipandisha mimbarini, na sasa wanawaambia vijana wetu kwamba hiyo ndiyo Injili.

Nasema hivi kwa sababu ya filamu moja, Man of Steel, iliyoongozwa na Zack Snyder na kutoka Marekani mwezi Juni 2013. Ni filamu ya Superman. Nimekwisha kuikuta zaidi ya mara moja katika semina za vijana, hata wakati wa Kwaresima. Kiongozi anafunga mapazia, anawasha projekta, na akifika mahali ambapo Superman anaelea angani mikono imenyooshwa pande mbili, anasimamisha picha na kuuliza, “Anawakumbusha nani?” Vijana wanaitikia kwa sauti moja, na makofi yanapigwa. Mimi makofi hayo sipigi. Ninataka kueleza kwa nini, nikisema kama mchungaji wa Kilutheri anayewafundisha watakaokuwa wachungaji, na pia kama msomaji wa katuni za Superman tangu darasa la tano.

Hilo la pili huenda likawashangaza baadhi ya washarika. Kizazi changu kilifundishwa kusoma picha na jarida la Sani. Tuliwajua akina Ndumilakuwili na Kipepe kabla hatujawajua wafalme wa Yuda. Superman nilimpata kwa wauza vitabu vya mitumba. Majarida yalikuwa yamechanika majalada, sehemu ya pili ipo na ya kwanza haipo, nami Kiingereza chake nikikibahatisha kwa kamusi. Sijaacha kumsoma hadi leo. Ninalo sanduku zima nyumbani na mke wangu amekwisha kulizoea. Basi nisihesabiwe pamoja na wazee wanaolaani kila kitu kinachopendwa na vijana. Filamu hii naikataa kwa kuwa nampenda Superman na kwa kuwa namwamini Kristo, na waliotengeneza filamu wamewachanganya wawili hawa hata sura ya kila mmoja ikapotea.

Tuanze na Superman mwenyewe, maana wengi wanaomhubiri hawajawahi kumsoma.

Alibuniwa na vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel mwandishi na Joe Shuster mchoraji, wote wana wa wahamiaji Wayahudi kutoka Ulaya. Hadithi yake ya kwanza ilitoka katika Action Comics namba 1, toleo la Juni 1938, na haki zote za mhusika huyo waliziuza kwa dola 130. Mtoto anawekwa na wazazi wake katika chombo kidogo ili aokoke na maangamizi, kisha anaokotwa na kulelewa na watu wasio wa taifa lake. Mtu aliyelelewa kwa Torati hana haja ya kusafiri hadi Bethlehemu kumtafuta mtoto wa namna hiyo. Anaye tayari, ndani ya kisafina cha Kutoka sura ya 2.

Na huyo Superman wa kwanza alifanya nini? Hata kuruka kama ndege alikuwa hawezi. Alichupa tu, mchupo mrefu sana. Katika hadithi ile ya kwanza anakimbia usiku kwenda kumwamsha gavana, ili mwanamke aliyehukumiwa kufa kwa kosa la mtu mwingine asiuawe. Kisha anaingia katika nyumba ambamo mume anampiga mkewe, naye anamtia adabu. Kisha anamwandama mtu anayemtumia seneta kwa manufaa ya wakubwa. Katika namba 3 adui ni mwenye mgodi aliyepuuza usalama wa wachimbaji. Superman anamfungia humo humo chini ya ardhi pamoja na wageni wake wa karamu, wakiwa na nguo zao za sherehe, ili waonje kidogo. Katika namba 8, Januari 1939, anaubomoa mtaa wa vibanda vya maskini kusudi serikali ilazimike kuwajengea nyumba bora. (Msomaji wa Dar es Salaam aliyewahi kubomolewa nyumba atacheka hapo, nami nilicheka.)

Tazama basi adui wa Superman ni nani: mume mpigaji, tajiri mchoyo, mla rushwa. Hawakutoka sayari nyingine. Ni watu tunaowajua kwa majina mitaani kwetu, na nabii Amosi angewatambua mara moja. Hata Wanazi walielewa kwamba mhusika huyu si mwenzao. Mwaka 1940 gazeti la SS, Das Schwarze Korps, lilimshambulia Siegel kwa jina na kumdhihaki kwa Uyahudi wake. Mchoro wa katuni ukisomwa na watu kama hao na kuwaudhi, una jambo ndani yake.

Katika Superman namba 1 ya mwaka 1939 wazazi waliomlea wanampa mtoto wosia. Wanamwambia afiche nguvu zake ili watu wasimwogope, lakini wakati ukifika azitumie kuwasaidia wanadamu. Wosia huo umebeba hadithi zote za Superman tangu hapo. Unaweza kubadilisha rangi ya nguo, ukambadilishia kazi, ukamwoza Lois Lane au usimwoze, hadithi itasimama. Ukiuondoa wosia wa wazazi, hakuna Superman.

Filamu ya 2013 iliuondoa. Mtoto Clark, basi la shule likiwa limezama mtoni, analisukuma hadi ukingoni na kuwaokoa watoto wenzake. Baba yake, Jonathan Kent, anamkemea kwa kujifunua. Mtoto anamuuliza kama alipaswa kuwaacha wafe. Baba anajibu: labda.

Labda! Nilipolisikia neno hilo nilisimamisha filamu, nikatoka nje nikanywa maji. Nimesoma habari za Jonathan Kent zaidi ya miaka thelathini, katika mikono ya waandishi wengi, wazuri na wabovu, na sikumbuki popote mkulima yule akimfundisha mwanawe kwamba uhai wa watoto ndani ya basi ni jambo la kupimwa kwenye mizani dhidi ya usalama wa siri ya familia. Baadaye baba huyo anakufa katika kimbunga, akimwinulia mwanawe mkono asije kumwokoa, na mwana anatii, anasimama anatazama. Filamu inataka tulie hapo, kana kwamba tumeona sadaka. Kuhani na Mlawi waliopita upande wa pili wa njia ya Yeriko nao bila shaka walikuwa na labda yao. Bwana wetu hakuwasimulia kama mfano wa hekima.

Sasa uone ujanja ulivyo. Waliokwisha kuuondoa moyo wa mhusika walihitaji kitu cha kuujaza ule uwazi, wakakiazima kanisani. Superman wa filamu anataja kwamba amekaa duniani miaka 33. Akiwa hajui kama ajisalimishe, anakwenda kanisani kuongea na padre, na kamera inawekwa ili nyuma ya bega lake lionekane dirisha la vioo vya rangi lenye picha ya Yesu akiomba Gethsemane. Baba yake wa mbinguni (nisameheni, ndivyo ilivyokusudiwa) anamwambia kwamba anaweza kuwaokoa wote, naye anatoka chomboni mikono imenyooshwa kama aliyesulubiwa. Ishara hizo hazikuachwa zijiseme zenyewe. Filamu ilipotoka, kampuni ya Warner Bros. iliwaalika wachungaji wa Marekani waione bure na kuwapatia muhtasari wa mahubiri uliokwisha kuandaliwa, wenye kichwa kinachomwita Yesu shujaa wa kwanza kabisa wa aina hiyo. Yaani kampuni ya sinema ilimwandalia mchungaji mahubiri ya Jumapili ili washarika wake wanunue tiketi. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 600 duniani. Yuda alipewa vipande thelathini.

Kazi ya kumpaka Superman mafuta ya Kimasihi haikuanza na Snyder, nakubali. Filamu ya 1978 nayo ilimweka baba mwenye sauti nzito anayemtuma mwanawe wa pekee. Lakini Superman yule, Christopher Reeve, alipata nafasi ya kushuka kumtolea msichana mdogo paka wake aliyekwama juu ya mti. Ukikumbuka jambo hilo dogo unaweza kuisamehe filamu ile mengi.

Nani anapata msaada mdogo katika Man of Steel? Superman anamsukuma Zod, adui yake, hadi ndani ya kituo cha mafuta kinacholipuka, katika mji mdogo aliokulia yeye mwenyewe, ambako kila mwenye duka ni jirani ya mama yake. Katika Metropolis maghorofa yanaanguka moja juu ya jingine, na wenye nguvu wawili wanapigana ndani na nje ya majengo yenye watu. Vumbi halijatua vizuri, majivu bado yanaelea kama ya mazishi, na steringi anambusu mpenzi wake katikati ya kifusi. Walio chini ya kifusi hatuonyeshwi. Mwishoni, Zod akiwa anaelekeza moto wa macho yake kwa familia moja iliyobanwa ukutani, Superman anamvunja shingo.

Hapa wapenzi wa filamu hunijia na jibu ambalo wanadhani litaninyamazisha. Mchungaji, husema, hata kwenye katuni amewahi kuua. Ni kweli, na jarida hilo ninalo. Ni Superman namba 22 la mwaka 1988, la John Byrne, ambamo Superman anawaua wahalifu watatu wa sayari yake waliokwisha kuangamiza watu wa dunia nzima nyingine na kuapa kuja hapa. Lakini someni yaliyofuata! Kitendo kile kinamvunja. Katika matoleo yaliyofuata akili yake inaanza kuyumba, anajiona si mtu salama kwa wanadamu, hatimaye anajihamisha duniani na kwenda kutangatanga angani. Waandishi wa katuni, watu wa kulipwa kwa ukurasa na wenye tarehe ya kumaliza kazi, walijua kwamba damu ina uzito na kwamba mwenye kuimwaga hawezi kurudi mezani kula kama jana. Kaini angewaelewa. Katika filamu Superman analia kwa sauti kuu, Lois anamkumbatia, na tukio linalofuata ni la utani: anaangusha mtambo wa kijeshi mbele ya jenerali, na ofisa mmoja wa kike anatabasamu na kusema jamaa ana mvuto. Toba imekwisha. Hata kwenye ungamo la Jumapili tunakaa muda mrefu kuliko huo.

Katika sanduku langu upo ukurasa mmoja ambao ningeuweka mbele ya filamu nzima. Uko katika All-Star Superman namba 10, kazi ya Grant Morrison na mchoraji Frank Quitely, iliyotoka mwaka 2008. Superman katika hadithi hiyo anajua kwamba yeye mwenyewe anakufa, na siku yake imejaa kazi za kukamilisha kabla ya kifo. Msichana mmoja amesimama ukingoni mwa ghorofa akitaka kujirusha, simu imemdondoka mkononi. Superman anatua nyuma yake taratibu. Hamdaki hewani kwa mbwembwe. Anamwambia kwamba daktari wake kweli alicheleweshwa, hakumtupa, na kwamba yeye ana nguvu kuliko anavyojidhani. Msichana anageuka, wanakumbatiana. Basi. Ukurasa mmoja, na hadithi inaendelea na mambo mengine. Mchungaji yeyote aliyewahi kuitwa usiku kwa ajili ya mtu aliyetaka kujiua atajua kwamba aliyeuandika ukurasa ule ameelewa kitu.

Lakini hata ukurasa ule, ninaoupenda hivyo, siupeleki mimbarini niseme kwamba huyo ndiye Kristo. Hapa naacha kusema kama msomaji wa katuni.

Kanisa la kwanza lilikuwa na uzushi ambao wanafunzi wangu huusahau upesi baada ya mtihani, kwa kuwa wanadhani umekufa. Walikuwepo waliofundisha kwamba Kristo alionekana tu kuwa mwanadamu. Mwili wake ulikuwa kama vazi, na mateso yake yalikuwa maonyesho, kwa maana Mungu hawezi kuumia. Tunawaita Wadosetiki. Ignatio wa Antiokia, akipelekwa Roma kuuawa mwanzoni mwa karne ya pili, aliwaandikia Wakristo wa Smirna na wa Tralles kuwaonya juu ya watu hao, na hoja yake ilikuwa ya mtu aliyefungwa minyororo ya kweli: ikiwa Bwana aliteseka kwa kuonekana tu, mimi nimefungwa kwa ajili gani?

Sasa mtazame Superman. Ana sura ya mwanadamu, anavaa miwani na shati la ofisini, na chini ya shati hilo risasi inagonga kifua na kudondoka. Clark Kent ni vazi. Huyo akiitwa mfano wa umwilisho, basi Wadosetiki wamerudi na projekta. Yesu wa Nazareti hakuwa na nguo nyingine chini ya ngozi. Alichoka kwa safari akaketi kisimani. Mjeledi wa askari ulimchana. Misumari iliingia. Kanisa halikulipa maneno ya Kalkedoni, mwaka 451, kwa bei ndogo, na sisi tunayauza kwa dakika tatu za mkanda.

Ndugu zangu wahubiri wa vijana wana jibu lao, nalo si la kijinga. Wanasema Paulo kule Athene alitumia madhabahu ya Mungu asiyejulikana, na mashairi ya Wayunani. Kwa nini sisi tusitumie filamu? Mimi nami natumia filamu, na katuni, na ngano za bibi zangu. Lakini soma Matendo 17 hadi mwisho. Paulo alipofika kwenye ufufuo wa aliyekufa walimcheka, na hakurudi nyuma kuliondoa neno hilo ili wasikilizaji wabaki. Wakorintho aliowaendea baada ya hapo aliwaambia wazi kwamba anahubiri aliyesulubiwa, jambo la kuchukiza kwa huyu na upuuzi kwa yule. Daraja ni zuri likiwa na ng'ambo. Kijana akivushwa kwenye daraja la Man of Steel atafika kwa nani? Atafika kwa mwokozi anayewashinda adui kwa kuwazidi nguvu, ambaye mikono yake imenyooshwa bila kupigiliwa kitu. Huyo hata Petro alimtaka, alipochomoa upanga bustanini. Bwana akaliponya sikio la mtumwa, akasema habari za majeshi ya malaika ambayo angeweza kuyaita na hakuyaita. Yakobo na Yohana walimtaka pia, walipotamani moto ushuke juu ya kijiji cha Wasamaria. Wakuu wa makuhani na waandishi, chini ya msalaba, walimtaka kwa dhihaka: ashuke kwanza, ndipo waamini. Filamu hii imeyasikiliza maombi yao, ikawapa.

Wengine huniambia ningoje, kwa kuwa katika filamu iliyofuata, ya mwaka 2016, Superman anakufa kweli. Niliiona. Anakufa akimchoma adui kwa mkuki, vita ikiwa imefika kileleni, na kabla hujainuka kitini udongo juu ya jeneza unaanza kunyanyuka, ili usikose kununua tiketi ya filamu inayokuja. Katika katuni alikufa mwaka 1992, na sisi wasomaji tulijua, pamoja na huzuni yetu yote, kwamba atarudi kwa kuwa majarida yake yanauzwa. Yesu alikufa saa tisa mchana akiwa hamuui mtu yeyote. Hakuna aliyekuwa akingoja sehemu ya pili. Wanawake walikwenda kaburini na manukato ya maiti.

Martin Luther aliwaambia Waaugustino wenzake kule Heidelberg, mwezi Aprili 1518, kwamba wako wanateolojia wa aina mbili. Yule wa utukufu humtafuta Mungu kwenye yenye nguvu na yanayong'aa, na kwa sababu hiyo mwishowe huita kibaya chema na chema kibaya. Yule wa msalaba huita jambo lilivyo, kwa sababu amemkuta Mungu katika mateso. Nilipokuwa mwanafunzi niliyakariri hayo kama historia. Usharika ndio ulionifundisha kwamba ni habari za leo asubuhi. Barabarani kwetu mabango yanawaita watu kwa nabii mwenye mafuta, nabii mwenye maji, nabii mwenye leso. Picha yake imepigwa kwa chini ili aonekane mrefu, koti linapepea, na nyuma kuna mwanga wa radi. Umeona wapi picha hiyo? Mimi nimeiona kwenye jalada la katuni. Vijana tunaowafundisha kwamba Mwokozi anatambulikana kwa nguvu, kesho watapanda daladala kwenda kwa yule mwenye nguvu zaidi, na hatutakuwa na neno la kuwazuia, maana kipimo tumewapa sisi.

Na wale wasioponywa? Baada ya semina moja ya namna hiyo, mvulana wa darasa la kipaimara alibaki nami tukipanga viti. Mama yake alikuwa amefariki miezi michache nyuma, baada ya kuugua kwa muda mrefu, na usharika mzima ulikuwa umemwombea. Aliniuliza bila kunitazama, “Mchungaji, sasa kama Yesu ni kama yule, mbona kwa mama hakuja?”

Alikuwa amelisikiliza somo vizuri kuliko wenzake. Ukiambiwa kwamba Yesu ni yule anayefika kwa kasi ya risasi, anayesikia kilio toka upande wa pili wa mji, anayeinua basi kwa mkono mmoja, basi kitanda cha mama yako kina maana moja tu kati ya mbili: ama hakusikia, ama alisikia akaenda kwa mwingine. Nilikaa naye juu ya viti vile. Nilimwambia, mwanangu, Yesu ninayemjua mimi si yule. Usiku ule wa Gethsemane, ambao kwenye filamu ni dirisha la rangi nyuma ya bega la mtu mwingine, yeye naye aliomba kikombe kiondolewe na hakikuondolewa. Kesho yake alilia kwa sauti akiuliza kwa nini ameachwa. Mama yako alipouliza swali hilo usiku, yeye alikuwa amekwisha kuliuliza, na yuko hapo lilipoulizwa. Mvulana hakusema kitu. Sidai kwamba alifarijika siku ile. Lakini kutoka kwa Superman sikuwa na hata neno moja la kumpa, na nilikuwa ninayajua maneno yote ya Superman.

Wiki iliyofuata viongozi wa vijana waliniuliza kama filamu ile ipigwe marufuku. Nilikataa. Waitazame nyumbani, wabishane kuhusu nani angemshinda nani, kama sisi tulivyobishana njia nzima tukitoka bandani. Atakayetaka kuyasoma majarida yangu aje ayaazime, mradi asikunje kurasa. Nilichowaomba ni kwamba Ijumaa Kuu ijayo projekta ibaki kabatini. Marko sura ya 15 isomwe yote, kuanzia kwa Pilato hadi jiwe kuvingirishwa mlangoni pa kaburi, na anayesoma awe mmoja wa vijana wenyewe, asome polepole, na akimaliza pasiwe na wimbo wala maelezo, tutoke nje kimya kila mtu aende kwake. Waliniuliza kama vijana hawatachoka. Nikawajibu kwamba huenda wakachoka.